Kilomita Kumi na Nne

Alikata tikiti kituoni kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana mpaka leo wanamwita Mama Tikiti. Treni ziliposimamishwa, mabosi waliondoka na meza, saa ya ukutani, hata balbu. Yeye akabaki na chumba nyuma ya dirisha la tikiti, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Ukumbi wa abiria ukawa wa watu wote: wauguzi walichanjia watoto humo, na mikutano ilifanyika kwenye mabenchi yaleyale.

"Tunasubiri tu, Mama Tikiti," walimtania. "Imechelewa kidogo."

Mwaka ule mvua ilibeba daraja la barabara. Siku ya tatu, mdogo wake wa tumbo moja akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya.

"Huyu ni wa kupasuliwa," mkunga akasema. "Mimi nimefika mwisho."

Mama Tikiti akafungua stoo, akatoa kiberenge, kile kitoroli cha mafundi wa reli. Wakamlaza mgonjwa juu ya godoro. Wanaume wanne wakasukuma, mmoja wao shemeji yake, mume wa mgonjwa, fundi wa kuchomelea. Hospitali ilikuwa kilomita kumi na nne.

Walipofika ya sita, shemeji akaanza kuburuta miguu.

"Shemeji, mbona unalegea? Mkeo anatutoka!"

Akaachia mikono. "Dada, huko mbele reli hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Tulizikata mwezi uliopita. Tukauza chuma chakavu."

"Sasa ulikuwa unamsukuma kwenda wapi?"

Baadaye alisema aliona aibu kutamka mbele za watu.

Wakambeba na godoro lake kwenye matope, wakiteleza na kuanguka. Alikata roho kabla ya kilomita ya kumi, mtoto akiwa bado tumboni.

Hakuna aliyekwenda polisi. Watu walisema yaliyopita si ndwele. Na wangesemaje vingine, wakati nusu ya mabanda ya kuku pale mtaani yamesimama juu ya vipande vya reli?

Siku hizi shemeji humletea Mama Tikiti kuni kila Jumamosi. Huzitua mlangoni, hukohoa, husimama kidogo. Mama Tikiti huzipokea, maana mgongo wake haubebi tena na hana mwingine wa kumletea. Hamkaribishi ndani. Akishaondoka, huwasha moto, akapika, akala peke yake.