Neno Kitanzi na Kazi ya Cucu

Siku yake ya kwanza kazini cucu, nyanya yangu, alifukuza benchi nzima ya wanawake kwa neno moja. Alikuwa ametoka chuo cha uuguzi, akapelekwa dispensari moja huko Kiambere wakati bwawa la stima, la kutoa umeme, lilikuwa bado jipya. Sista Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa kituo, akamwambia awaeleze kina mama kuhusu kupanga uzazi. Cucu akasimama na yunifomu yake iliyopigwa pasi, akasema vile kitabu kilisema: "Anayetaka, leo atawekewa kitanzi." Kwa wale mama wa Mbeere kitanzi kilikuwa kimoja tu, kile cha kujinyonga. Wakabeba watoto wao wakaenda.

Hadithi hii hakuniambia mimi. Alimwambia Nkatha, mke wa kaka yangu Mutwiri, mimi nikiwa jikoni namenya viazi. Naiandika kwa sababu inaniuma. Nimeishi na cucu tangu darasa la pili, mimi ndiye humkanda magoti, na hajawahi kunisimulia kazi yake hata kidogo. Mimi sio mtu wa kuuliza. Nkatha ana miaka michache tu tangu aolewe hapa, lakini kwa sababu Alhamisi anaenda kuwekewa koili, anaitwa binti, anaambiwa "mwari wangu, keti hapa karibu," na anapewa chai kwa kikombe changu.

"Sista Inchaji alikasirika?" Nkatha aliuliza.

"Aliniita kando. 'Wewe msichana wa Meru, nani alikutuma uwaletee watu kamba?' Nikasema ni kitabu, Sista. Akasema, 'Basi hicho kitabu kiende kiwaite warudi.'"

Walicheka wote wawili. Mimi pia karibu nicheke, nikajizuia wasijue nasikiliza.

Toka siku hiyo cucu alisema koili, kama watu. Ni kitu kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kinakaa ndani ya mji wa mimba. Shaba ndiyo inazuia mbegu ya mwanamume isifike kwa yai. Lakini huko Kiambere, kusema shaba kulileta mambo mengine. Waume wengi walikuwa vibarua kwa bwawa na walijua shaba ni ya kupitisha stima. Mama mmoja alimuuliza cucu, "Sista, na mvua ikinyesha, stima haitanipata?" Cucu akamwambia waya usiounganishwa na kitu hauna stima, aende amuulize mzee wake. Mama akaenda, akauliza, akarudi na jirani.

Nkatha anahitaji kusikia hayo, najua. Mtoto wa pili alikuja wa kwanza akiwa hata hajasimama, akaacha masomo ya ushonaji katikati. Sindano ya kupanga uzazi ilimpa kuumwa na kichwa, ndiyo akataka koili, kwa sababu haina homoni. Mwezi uliopita alifika hadi geti la kituo cha afya cha hapa Kanyakine, akageuka. Muhula mpya wa ushonaji unaanza, na Mutwiri amesema akirudi nyumbani tena bila kitu, basi hayo ya shule waachane nayo. Kwa hivyo naelewa. Lakini kuelewa hakuondoi wivu, angalau mimi haujaniondoka.

Kutoka Kiambere cucu alihamishwa Kibugu, kwa wachuma chai, chini ya muuguzi aliyeitwa Sista Mkuu. Hapo sauti yake ilibadilika.

"Huyo mama alikuwa na mikono myepesi," alisema. "Wanawake walinipita nikiwa nimesimama mlangoni, wanauliza, Sista Mkuu yuko? Nikisema ingia nikuhudumie, wanasema watangoja. Niliona wivu mwingi, mwari wangu."

Hapo niliacha kumenya.

Akaanza kumchunguza Sista Mkuu ili ajue siri yake. Aliona kwamba kile chombo cha kufungulia njia, spekulamu, alikuwa anakipasha kwa maji ya moto kwanza, kwa sababu asubuhi za Kibugu chuma ni barafu. Aliona kwamba hafanyi kitu kabla hajakisema. "Sasa naangalia. Sasa napima urefu wa mji wa mimba, utasikia kubanwa kama siku za mwezi. Sasa kohoa." Mama akikohoa, koili inaingia. Dakika chache tu, kisha mama analala kidogo, kwa sababu wengine husikia kizunguzungu.

"Inauma?" Nkatha aliuliza polepole.

"Inauma, sitakudanganya. Inabana vizuri sana, halafu inaachilia. Na miezi ya kwanza damu ya mwezi itakuwa nyingi na tumbo litakusumbua, usishtuke. Uzi wa koili utaachwa mfupi ndani, hauonekani. Usiuvute. Ukipata homa, au maumivu makali, au usione mwezi wako, usikae nyumbani, rudi kliniki. Inaweza kukaa miaka kumi, na ukitaka mtoto hata mwaka ujao inatolewa. Lakini magonjwa ya zinaa na ukimwi haizuii, hiyo ni kazi ya kondomu."

Alhamisi magoti ya cucu yalikataa. Akasema, "Makena atakupeleka." Hakuniangalia akinitaja.

Muuguzi wa zamu alikuwa msichana mpya, mtu wa Pwani, mpole sana. Alimuuliza Nkatha maswali, akampima mimba, akamlaza kitandani. Mimi nikasimama upande wa kichwa, naangalia ukuta. Akavaa glavu, akasema kwa Kiswahili kizuri, "Usiogope dada, sasa nitakuwekea kitanzi."

Nkatha aliketi. Macho yake yalikuwa yale aliyorudi nayo siku ya geti. Alishika shuka, akaanza kutafuta viatu kwa mguu.

Mimi huwa siongei na watu nisiowajua. Hata darasani mwalimu huniomba nirudie. Lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nkatha, ni koili. Huko kwao ndivyo wanavyoiita."

"Koili?"

"Hiyo hiyo ya cucu. Ataangalia, halafu apime, utabanwa kama siku za mwezi. Halafu utakohoa."

Muuguzi alicheka, akasema, "Kumbe hapa nisiseme kitanzi," na mimi nikasema bora asiseme. Nkatha akalala tena, akanishika mkono. Alipoambiwa akohoe aliniangalia mimi kwanza, nikamwitikia kwa kichwa, akakohoa. Aliuponda mkono wangu mpaka pete yake ikaacha alama.

Jioni, mimi nikiosha vyombo, cucu alituuliza yote, na sikujua mtu aliyestaafu anaweza kuuliza hivyo. Huyo msichana ana miaka mingapi? Mikono yake ni baridi? Chombo alikipasha? Nkatha, akiwa amejilaza na chupa ya maji ya moto tumboni, akasema alikipasha. Cucu akatazama magoti yake.

"Kustaafu si kupumzika," alisema. "Ni kukaa hapa ukijua kuna mtu anafanya kazi yako, na anaifanya vizuri."

Niliujua uso huo. Ni ule wangu wa jikoni. Kwa hivyo nikamwambia, "Lakini cucu, alisema kitanzi."

"Alisema nini?"

"Kitanzi. Nkatha akaanza kutafuta viatu."

Cucu alicheka hadi akatoa leso. Alitaka kujua nani alimrudisha, na Nkatha akaninyooshea kidole. Cucu akanisogezea kiti cha karibu naye kwa fimbo yake.

"Makena, acha hivyo vyombo," alisema. "Nkatha, mrudishie mwenzako kikombe chake."