Kovu Halisuguliwi kwa Jiwe la Volkano

Goma ni mji unaoamini kwamba jiwe la volkano hufanya kila kazi. Tunajengea nyumba, tunazungushia ua, tunasugulia visigino. Nilipoondoka, baada ya moto wa mlima kushuka mjini na kula nyumba yetu ya mtaa wa Majengo, mawe hayo yalikuwa bado yanafuka. Niliporudi kutoka Kampala na diploma ya uuguzi wa magonjwa ya ngozi, nilimkuta mdogo wangu wa kike ameketi uani, kioo mapajani, anajisugua taya kwa jiwe hilohilo.

Diploma hiyo sikupewa na mjomba wala na padri. Mchana nilibeba mifuko ya saruji, jioni nilisoma, na kwenye mtihani niliwapita vijana waliokuwa wakiletwa shuleni kwa gari. Nayasema haya kwa sababu watu wa kartie, mtaa wetu huu, wana kipaji cha kuyasahau.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Ninapunguza, kaka. Bashangazi banafika nyuma ya wiki tatu."

Hao walikuwa shangazi wa mchumba wake, wa Butembo. Walikuwa waje baada ya wiki hizo tatu kumtazama bibi harusi kabla ya mambo ya mahari kuzungumzwa, na tayari walikuwa wamemkataa binti mmoja kwa sababu ya ukurutu mguuni. Mchumba mwenyewe hakuwa na neno, lakini katika ukoo ule neno la mchumba lilikuwa jepesi. Mdogo wangu aliachiwa na chunusi za ujana makovu yaliyoinuka, magumu kama maharage: manne taya la kulia, na moja kubwa la kushoto, chini ya sikio.

Lile kubwa lilikuwa na hadithi yake. Hapo mwanzo lilikuwa dogo kuliko yote. Jirani yetu mmoja, mama aliyeuza krimu sokoni na kujiita mtaalamu kwa sababu hiyo, akampeleka kwa mtu wa wembe. Mtu wa wembe akalikata. Baada ya miezi michache likarudi, kubwa kama ncha ya kidole gumba, na likawa linawasha usiku na mchana.

Jirani huyo hakuona haya. Aliposikia nimefika, alikuja kunisalimia.

"Ah, dokta wa Kampala! Kule banafundisha kuogopa wembe?"

"Mama, ngozi ya huyu mutoto inashona kidonda kupita kiasi. Ukikata tu, bila dawa ingine, inashona tena na kuongeza."

"Basi apake krimu yangu. Iko na nguvu."

"Ina nguvu ya kuchubua. Kovu likikuwa jeupe, haliko tena kovu?"

"Eh! Hii diploma inasema mingi kuliko mwenyewe."

Wote waliokuwa uani walicheka, na mama yangu pia. Kwa heshima yote ninayompa, mama yetu alikuwa upande wa wembe.

Kampala nilikuwa nimeona makovu ya namna ile yakigandishwa kwa baridi kali, na mengine yakipigwa kwa mashine ya mwanga. Goma hatukuwa na hayo. Tulikuwa na sindano ya kotizoni, dawa ya kulegeza kovu, inayoingizwa ndani ya kovu lenyewe mara moja kwa mwezi, na vibandiko vya silikoni vya kuvaa saa nyingi kila siku. Daktari niliyefanya naye kazi alimpima, akaandika, nikachoma. Inauma, sitasema uongo.

"Kaka, umefika ku mufupa!"

"Bado sijafika hata ku ngozi ya kiburi chako. Tulia."

Baada ya wiki mbili alijitazama kwenye kioo, akaona makovu yapo vilevile. Nilimweleza kwamba sindano moja haitoshi, kwamba tunahitaji miezi. Akaniambia kwa upole, jambo lililonitisha kuliko kelele: "Miezi sina. Ijumaa mama ananirudisha kwa yule wa wembe. Atakata zote."

Alhamisi waasi wakaingia Kiwanja, mji ulio njiani kwenda Butembo, na barabara ya kaskazini ikafungwa. Shangazi wakakwama Butembo. Sitawashukuru waasi, watu ambao hawajapata kutuletea kitu ila mazishi na bei mpya ya makaa. Lakini wembe ulikosa haraka yake, na mimi nikapata miezi.

Sindano ya pili nilimchoma mizinga ikisikika upande wa Munigi. Mkono wangu ulimaliza makovu yote matano. Wanaoniita mwenye majivuno waulizwe mikono yao ilikuwa wapi siku ile. Najua, ilikuwa imeshika magodoro, wakikimbia.

Baada ya sindano ya nne, makovu ya kulia yalikuwa yamelala. Rangi ilipauka kidogo, jirani akapiga kelele kwamba nami nimechubua, nikamwambia hiyo hurudi polepole na sikupoteza neno lingine. Lile la wembe lilishuka nusu na likaacha kuwasha. Zaidi ya hapo likakataa.

Barabara ilipofunguliwa, shangazi wakaja wawili. Jirani naye alikuja, bila kualikwa, kutazama aibu yetu. Shangazi mkubwa alimshika mdogo wangu kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, kulia, halafu kushoto.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya wembe, mama," mdogo wangu akasema, macho chini. "Kulikuwa zingine ine huku. Hizo kaka alizitibu."

Shangazi akarudi upande wa kulia, akapapasa kwa kidole, akapapasa tena. Kisha akaweka mkoba chini, akavuta mkono wa blauzi hadi begani. Kovu la chanjo ya utotoni lilikuwa limevimba, linang'aa, limeenea kama miguu ya kaa, na juu yake kulikuwa na michubuko mipya.

"Lilishakatwa?" nikauliza.

"Hapana. Ninasugua tu. Mutoto wangu aliniletea jiwe la huku kwenu, banasema iko muzuri."

Nilimtazama jirani. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Jiwe ubakishe kwa visigino, mama," nikamwambia shangazi. "Kaa pale karibu na dirisha."

Nikaenda kunawa mikono. Nyuma yangu niliwasikia shangazi wakimwambia mama yangu kwamba sasa wanaweza kuzungumzia mbuzi wa mahari.