Siku Niliyopalilia Ziwa

Mimi ni mtoto wa Kasekese, kijiji cha wakulima, na kwetu bibi harusi hupimwa kwa jembe. Nilipoolewa huku ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wiki ya kwanza tu nikaanza kutafuta cha kupalilia. Uwanja wa wakwe zangu ulikuwa mchanga mtupu, ila mchicha kidogo nyuma ya jiko usio na gugu hata moja. Nikageukia maji.

Nyuma ya mawe, mahali palipotulia, palikuwa na majani marefu membamba yameota chini ya maji. Baba mkwe nilishamsikia akisifu bustani yake, nikadhani ni ule mchicha. Haya ya majini nikayaita magugu. Nikakunja khanga, nikang'oa asubuhi nzima huku nikiimba, nikayarundika ufukweni na kungoja sifa.

Mama mkwe alipofika aliketi chini.

"Mwanangu, hiyo ndiyo bustani ya mzee. Samaki wetu, ngege, wanalelea watoto wao humo."

Akanieleza. Watu walikuwa wakilima mpaka ukingoni mwa kijito, na kila masika tope likishuka ziwani. Jua halikufika chini, majani yakafa, ngege wakahama. Baba mkwe alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu waache ukingo upumzike. Maji yakatakata, majani yakarudi yenyewe. Mimi nikayamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Baba mkwe hakufoka. Kwao, mzee hasemi na mke wa mwanawe. Maneno hupita kwa mama mkwe, mpaka siku atakapomwona ni mtoto wa nyumbani.

"Mwambie mkwe apumzike," alisema, nami nimesimama palepale.

Niliumia kuliko kama angenichapa. Nilijua nimejifungia mlango mwenyewe.

Lakini mimi na shamba hatuogopani. Chini ya lundo majani yalikuwa bado mabichi. Nikachambua yenye mizizi, nikayapanda majini kama marando ya viazi, kila fungu na kijiwe chake lisielee. Majirani walikuja kunitazama. Wacheke tu, nilisema moyoni.

Ziwa lilinifundisha adabu. Niliyopanda nje ya mawe, wimbi liliyabeba siku hiyohiyo. Yale ya kwenye kina cha kifua, palipokuwa na giza, yaligeuka manjano yakaoza. Yaliyoshika ni ya magotini tu, nyuma ya mawe, penye tope laini na jua la kutosha. Basi nikaacha ubishi. Yalipotoa machipukizi, niliyagawa na kuyapanda hapohapo, wiki baada ya wiki, kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye mahindi.

Mvua zilipokwisha na maji kutulia, asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo. Mama mkwe alikuwa ameenda sokoni. Baba mkwe alikuwa amesimama majini, suruali kaikunja, ameinama kama aliyeangusha kitu. Akatazama kushoto na kulia akitafuta wa kumtuma. Hakukuwa na mtu.

"Mwanangu," akaita, "njoo uone."

Nilishuka majini na sufuria mkononi. Katikati ya majani, vitoto vya ngege visivyohesabika vilikuwa vikimzunguka mama yao. Mzee alivitazama, kisha akanitazama mimi, usoni kabisa.

"Magugu yako yamezaa," alisema.

Nilicheka mpaka sufuria ikaponyoka ikaelea, na yeye ndiye aliyeifuata.