Santuri za Kimeksiko za Mama Jules

Généreuse, ambaye kanisani kwao Buffalo wote humwita Mama Jules kwa jina la kifungua mimba wake, hana muda na watu wanaosema muziki bila maneno ni makelele. Maneno anayapata ya kutosha kiwandani Tonawanda, ambako msimamizi humsemesha kwa Kiingereza tangu anapoingia hadi anapotoka. Akirudi nyumbani kwake West Side huvua viatu, huweka santuri kuukuu ya mariachi, muziki wa Kimeksiko, juu ya mashine, na kukaa. Tarumbeta mbili hupanda pamoja, fidla huzijibu, gitaa nene hutembea chini yao. Hakuna anayeimba. Hakuna anayemuuliza jambo. Saa hiyo ukimpelekea umbeya utajuta.

Santuri zile alizipata Louisville, mji wa kwanza kumpokea alipotoka Kongo. Jirani mmoja alikuwa anahama, akaacha vitu barazani anayetaka achukue. Wenzake walikimbilia viti na sufuria. Yeye akabeba mashine na sanduku la santuri, wakamcheka hadi mbavu ziwaume. Hawakujua alichokuwa nacho moyoni. Kwenye basi, dukani, hospitali, kila mtu alitaka amjibu kitu, na Kiingereza chenyewe alikuwa hana. Santuri hazikungoja jibu. Kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani alijiona mtu mzima tena.

Alipohamia Gahanna, kupanga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, sanduku lilisafiri mapajani mwake, na televisheni ikafungwa juu ya gari kwa kamba. Televisheni haikufika salama, wala hakuna aliyemsikia akiililia.

Buffalo, alikohamia baadaye, ndiko walikomkabidhi kwaya. Sasa, kwaya za Wakongo na Warundi huko Marekani zina desturi yao: kila mwaka hukutana mji mmojawapo, na kila kwaya sharti ije na wimbo wake yenyewe. Ukija na wimbo wa kuazima mtandaoni utasimangwa mpaka mwaka mwingine. Mama Jules hilo halikumsumbua hata kidogo. Alichukua santuri moja ya mwendo wa taratibu, akaushika muziki wake, akautilia maneno ya Kiswahili juu ya wenye haki wanaopumzika. Aliona kwamba kwa kuwa hakuna aliyeimba, basi wimbo ule hauna mwenyewe, ni kama shamba lisilolimwa: anayetangulia na jembe ndiye mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea. Wimbo ulikuwa na maneno tele. Waliopiga santuri ile ndio walioyaacha. Lakini ulipendwa, jamani, ulipendwa! Ikawa Buffalo hapazikwi mtu bila wimbo ule.

Mwaka huu kongamano liliangukia Columbus, kwenye ukumbi wa kukodi, na jikoni alikuwapo mpishi wa Kimeksiko, mama mnene mchangamfu aitwaye Eulalia. Asubuhi kwaya ya Buffalo ilikuwa ikifanya mazoezi. Ubeti wa kwanza haujaisha, Eulalia akatoka jikoni na upawa mkononi, anacheka machozi yanamtoka, akaanza kuimba nao kwa lugha yake. Précieuse, binti wa Mama Jules, anajifunza Kihispania shuleni. Akaulizwa mama yule anaimba nini, na mtoto wa watu, bila kupima, akasema mbele ya mchungaji wao: ni mlevi aliyefukuzwa na mke wake, anaomba aongezewe chupa.

Mama Jules aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni.

Mchungaji huyo, Pasta Medard, ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mtu wa utaratibu. Alimwita pembeni pamoja na wazee wa kanisa.

"Pole, Mama Jules," alisema. "Najua hukukusudia. Lakini jioni mtaimba wimbo mwingine, na huu naomba tusiusikie tena kanisani kwetu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama Jules akaelewa kwamba asiposema neno pale pale, wimbo wake umekufa, tena umekufa mikononi mwa watu wake. Akapiga moyo konde.

"Bon, Pasta," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Miye sikujuaka ile maneno. Kosa ni yangu, nimekubali. Lakini na ile wimbo tulizikaka batu. Baba Cubaka tulimuzika nayo. Na Mama Angelika..."

Wazee wakatazama chini. Angelika alikuwa mke wa mchungaji.

"Mama Angelika alinishika mukono kule hospitali, akaniambia, siku yangu muniimbie ile. Tulimuimbia, na weye Pasta ulikuwa pale, ulikuwa unalia. Donc, sasa tumufukue? Tumuzike tena na wimbo safi?"

Ni maneno makali hayo, na angeyasema mwingine tungesema amekosa adabu. Yeye hakupepesa macho. Mzee mmoja akakohoa. Pasta Medard aliuliza tu Buffalo wanaimba baada ya kwaya gani, kisha akaenda zake.

Jioni wakaitwa. Mama Jules akawapanga watu wake kama kawaida yake, akainua mkono, na wimbo ukaanza ule ule. Jikoni Eulalia aliitikia kwa maneno ya mlevi wake, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla ubeti wa pili haujaanza Pasta Medard aliondoka kwenye kiti cha mbele, akapanda jukwaani, akajisogeza mwishoni mwa safu ya wanaume wa besi. Buffalo nzima inajua mtu huyu hajui kuimba; Angelika mwenyewe alikuwa akimkanyaga mguu ibadani ili anyamaze. Akaimba. Sauti yake ilikwenda kivyake, haikumfuata mtu, na machozi yakawa yanamwingia mdomoni. Mama Jules, ambaye huwatoa watu kwenye kwaya kwa kosa dogo kuliko lile, alimtazama, akapunguza mwendo wa wimbo ili aufikie.