Simu za Jumapili

Mume wangu alikuwa amemaliza mkataba wake jeshini, akawekwa kwenye kikosi cha akiba. Sisi tuliona hayo yamekwisha. Alipata kazi ya kuendesha foklifti kwenye ghala moja Industrial Area, tukapanga chumba mtaa wa Huruma, binti yetu akazaliwa. Alikuwa na miezi saba barua ya kumwita baba yake tena ilipofika. Baada ya wiki mbili mume wangu alikuwa Somalia.

Alipata nafasi ya kupiga simu Jumapili tu, mimi nikitoka kanisani. Kila mara alisema, "Hebu mpe mrembo wangu simu."

Miezi minne baadaye mtoto alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Tulilazwa siku kumi na mbili. Mume wangu nilimwambia ni mafua. Tuliporudi nyumbani, jirani yangu, mama wa Kisomali anayeuza mashuka, alikuja kutuona na uji. Kifuniko cha sufuria kikamponyoka. Mimi niliruka. Mtoto hata hakupepesa macho. Jirani alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, akarudia, kisha akaketi.

"Dada," akasema, "huyu hasikii."

Daktari alisema hivyo hivyo. Niliapa kumwambia mume wangu Jumapili. Lakini alipopiga alikuwa akicheka, na kule alikokuwa watu walikuwa wanakufa. Nikaiweka simu kwenye sikio la mtoto. Akamwimbia. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima.

Alirudi mchana mmoja bila kutuarifu, apate kutushtua. Mtoto alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya soda, ameupa mlango mgongo. Baba yake alimwita. Akamwita tena, kwa sauti ya paredi. Kisha akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na mimi nilikuwa namwimbia nani?"



Hakunipiga, hakufoka. Alikaa nasi miezi miwili. Nilijaribu kumfundisha ishara chache nilizojifunza: maziwa, lala, njoo. Mikono yake ilibaki mapajani. Ghalani walikuwa wameajiri mwingine. Jeshi lilipouliza nani angependa kuongezewa muda, alitia sahihi bila kuniambia.

Asubuhi aliyoondoka alimbeba mtoto hadi kwenye ngazi, akanirudishia, akashuka. Sikumfuata. Nilikuwa nimeloweka nguo, nikaenda kuzifua.