Moja Mpaka Kumi

Mguu wangu wa kushoto uliishia hospitalini Meru, na waliouua nawajua. Majina siyaandiki. Ni nesi wa zamu ya mchana, daktari aliyesoma faili badala ya kuangalia mtu, na yeyote yule aliyechapisha ile kadi. Nikiikumbuka natema mate.

Lori la mbao lilinibana karibu na Kinoru. Hospitalini wakanifunga mguu plasta ngumu, wakanilaza wodini. Siku ya pili mguu ukaanza kuvimba humo ndani, hauna pa kupanukia. Nesi akaleta kadi: mstari, na namba moja hadi kumi. Neno la kueleza, hakuna hata moja.

"Mzee, uchungu ni ngapi?"

"Ni moja, sista."

Akaandika, akaenda zake. Mimi ni mtu wa Kianjokoma, nimekulia kwa kahawa. Kiwandani tukichambua, namba moja ndiyo inayopita zote. Namba tatu ni takataka. Hata shuleni, ile miaka michache niliyokaa, namba moja ndiye aliyetushinda sote. Sasa uchungu unaoshinda wote ningeuita ngapi? Siku tatu nilisema moja huku nimeuma shuka, nikijiuliza hawa watu wana roho gani.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mchinjaji wa hapo mjini, Mwislamu, mtu wa mzaha. Siku hiyo ya tatu hakutania. "Ndugu, wewe kila siku unawaambia huumwi. Kumi ndiyo ya kufa."

Basi nikasema kumi. Nesi akafungua faili, akacheka. Eti jana moja, leo kumi, nimeona wenzangu wakidungwa dawa ya kutuliza na mimi nikaitamani. Daktari naye akasoma hizo namba zake, akasema tungoje kesho. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeshakuwa cheusi, kinanuka, na hakuna aliyeinama kukitazama.

Walipopasua plasta, hata mfagiaji alitoka nje. Wakakata chini ya goti.

Siku ya kuruhusiwa, karani akaniletea fomu ya kupima huduma yao. Sura tano, zote zinatabasamu. Ya chini kabisa imeandikwa "nzuri kiasi". Nikamuuliza mguu wangu nauweka kwa sura gani. Akasema niweke alama popote tu, bila hiyo fomu karatasi ya kunitoa getini haitoki.

Nikaitupa sakafuni. Mke wangu akaiokota, akaipangusa, akaweka alama kwa "nzuri sana", kwa sababu alitaka kunipeleka nyumbani.