Swali la Nyuma ya Pazia

Siku niliyoachiwa pedali ya mashine kwa mara ya kwanza haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa nawe unaanza kazi chumba cha eksirei, kaa nikusimulie. Simu weka pembeni. Nimesema pembeni, si mapajani.

Aliletwa mtoto mdogo kutoka Kwihara, jina lake Maganga, kila akila anatapika, amebaki macho tu. Amebebwa na mama yake, Kabula, na nyuma yao yupo mama mkwe wa Kabula, bibi mrefu, mkali wa sura. Daktari alitaka kuona chakula kinakwama wapi.

Picha ya kawaida isingetosha. Ile hupigwa mara moja, basi. Mashine yetu inauonyesha mwili ukiwa kazini. Ukikanyaga pedali, mionzi inatoka chini ya meza, inapenya mwilini, na kule juu kuna kipokezi kinachoigeuza kuwa mwanga, nawe unaona kwenye skrini papo hapo. Mfupa unaizuia mionzi, nyama laini inaipitisha, ndiyo maana njia ya chakula haionekani vizuri mpaka mgonjwa anywe bariamu, dawa nyeupe nzito kama uji. Ukiinua mguu mionzi inakatika, picha ya mwisho inabaki.

Sasa mtoto analia, lazima ashikwe. Kabula akasema atamshika yeye. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, "Dada, una mimba?" Maana mionzi na mimba changa havikai pamoja.

"Sina," akajibu haraka, anatazama sakafu.

Nikachukua aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, nimvishe. Mzee Sefu, fundi wetu mkuu, akanivuta kando. "Wewe kweli binti wa Kinyamwezi? Umemuuliza mbele ya nani?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Mke gani kwetu angeitaja mimba changa mbele ya mama wa mumewe, tena mbele ya wanaume? Nikamwita Kabula nyuma ya pazia, eti abadili nguo, nikamuuliza tena kwa sauti ya chini. Akaanza kulia. Mimba ilikuwepo. Zilizokuja baada ya Maganga ziliharibika, na maneno ya watu yalimchosha. "Usimwambie mama," akaninong'oneza.

Nilimweleza Mzee Sefu peke yake. Naye hakumwambia bibi lolote, alisema tu, "Bibi, naona mtoto akikuangalia wewe anatulia. Tusaidie kumshika." Bibi akavaa aproni, akajinyoosha kama askari wa gwaride. Kabula akatoka nje, mlango ukafungwa.

Nikakanyaga. Maganga akameza, dawa ikateremka, ikafika katikati ya kifua ikasimama, kisha ikapita kidogo kidogo, nyembamba kama uzi. "Hapo hapo," daktari akasema. "Pamebana, lakini panatibika." Nikainua mguu palepale. Nilifurahi, acha tu!

Nilipokuwa namvua bibi aproni, akanishika mkono. "Binti, mimi nilijua. Mlenda wenyewe siku hizi haugusi, halafu nisijue? Nilipomsikia anasema hana, roho ilinipanda juu. Nikawa namwomba Mungu apatikane mtu wa kumtoa humu ndani. Mimi ningesemaje, naye hajaniambia?"

Nikaitundika aproni, nikamfungulia mlango.

Basi mwanangu, hiyo mashine utaijua, vijana mnaelewa haraka. Usikanyage kuzidi unachohitaji kuona, na aproni usiivue kwa sababu ya joto la Tabora, nakujua wewe. Lakini mwanamke usimuulize habari ya mimba mbele ya mtu yeyote, hata mumewe. Mtafutie faragha kwanza, ndipo uulize. Akisema hana kwa sauti ya woga, uliza tena kwa upole. Mle ndani kuna watu wanaopendana na hawawezi kuambiana, na wewe ndiye uliyepewa nafasi ya kuwasaidia.

Haya, nenda. Mungu akulindie macho na mikono yako, na kila atakayelala kwenye meza yako ainuke salama.